Ukuta wa Chuma Uliochukiwa na Mji

Miji mikubwa ya dunia hupenda kujipamba. Katika viwanja vilivyo mbele ya nyumba za serikali husimamishwa sanamu. Fundi hulipwa ujira wake, na siku ya kuifunua hupigwa muziki na kutolewa hotuba. Kisha wakubwa huenda zao, na sanamu hubaki na wapita njia. Ni juu ya wapita njia hao twataka kusema, kwa maana mara nyingi hawakipendi kitu walichowekewa, na wakilisema hilo huambiwa kuwa hawana elimu. Watu waliosoma vitabu vya sanaa wamelirudia neno hili mara nyingi mno, hata limekuwa kama hukumu isiyokatiwa rufani. Sisi twaona yafaa kulipima tena, na kwa kipimo tumechagua kisa kimoja cha mji wa New York, katika Marekani, kilichoanza mwaka 1979 na kumalizika usiku wa tarehe 15 Machi 1989.

Upande wa kusini wa Manhattan pana nyumba kubwa ya serikali iliyopewa jina la Jacob K. Javits. Kando yake ipo mahakama inayoamua mashauri ya biashara na nchi za nje, na mbele yake palikuwa na uwanja wa wazi wenye sakafu ya mawe na chemchemi ya kujengwa. Maelfu ya makarani waliukata uwanja huo asubuhi wakienda kazini, na jioni wakirudi kwao. Idara ya serikali inayosimamia majengo ilikuwa na kanuni kwamba katika kila dola 200 za kujenga nyumba, dola moja itolewe kwa kazi ya sanaa. Hiyo ni kanuni njema, nasi hatuna neno juu yake. Wakaitwa wajuzi watatu wamchague fundi, wakamchagua Richard Serra, mtu aliyezaliwa San Francisco mwaka 1938, ambaye jina lake lilikwisha kujulikana Ulaya na Marekani. Bei ikakatwa dola 175,000. Makarani hawakuulizwa.

Mwaka 1981 kazi ikasimamishwa. Fundi aliiita Tilted Arc, maana yake Tao Lililoinama. Ilikuwa ni ukuta wa chuma kitupu, urefu wake futi 120 na kimo chake futi 12, yaani hata watu wawili warefu, mmoja juu ya mabega ya mwenzake, wasingeupita sana. Unene wake ulikuwa inchi mbili na nusu tu. Haukusimama wima, bali uliinama kidogo, na tena ulipinda kama upinde. Chuma chenyewe kilikuwa cha namna ambayo huachwa bila rangi kishike kutu, na kutu hiyo huwa kama ngozi ya kukilinda. Kwa hiyo ukuta ulikuwa na rangi ya hudhurungi, na mtu asiyejua angedhani ni chuma kilichosahauliwa na wajenzi. Uliwekwa katikati ya uwanja, ukaukata. Aliyetoka barabarani kwenda mlangoni hakuweza tena kwenda moja kwa moja, ilimpasa auzunguke.

Kabla ya kuwasikiliza waliolalamika, haki yadai tuseme kazi yenyewe ilikuwaje, kwa kuwa wengi walioizungumza waliliruka jambo hilo. Sisi tumeiona katika picha tu, wala haiwezekani tena kuiona kwa namna nyingine. Hata hivyo picha zatosha kuonyesha kwamba haikuwa kazi ya mzaha. Ukiitazama kutoka mwishoni ni mstari mwembamba tu uliosimama katika mawe. Ukiitazama kutoka ndani ya upinde ni kama tanga lililojaa upepo. Ukiitazama kutoka nje yakupa mgongo. Nyumba zilizouzunguka uwanja ni ndefu, nyingi zimenyoka, kila dirisha sawa na jenziwe. Na katikati ya unyofu huo ukapita mpindo mmoja usiofanana na chochote. Fundi alisema wazi kwamba hakuja kuupamba uwanja. Alitaka mtu anayepita ajitambue anavyokwenda, aone jinsi mahali panavyobadilika kwa kila hatua yake. Twakiri kwamba alilolitaka alilipata. Kazi ni ngumu, ni safi, haina ulaghai ndani yake, nayo yazipita kwa mbali sanamu nyingi za majenerali juu ya farasi ambazo hakuna aliyezilalamikia kwa kuwa hakuna azitazamaye.

Lakini kufaulu huko ndiko kulikoleta ugomvi. Kazi iliyokusudiwa kubadili mwendo wa mtu haiwezi kufanya kazi yake pasipo miguu ya mtu huyo, na miguu hii ilikuwa ni ya makarani. Mtu akienda katika nyumba ya makumbusho, ameitoa miguu yake kwa hiari. Karani aendaye kazini hakuitoa; anayo haja yake, na saa yamkimbiza. Sisi tulio walimu twajua kwamba somo gumu hufundishwa kwa mtu aliyeketi kusikiliza. Yule aliyekuwa akipita njia tu, tukimzuia na kumfundisha kwa nguvu, naye akakasirika, hatuwezi kumwandika kuwa mwanafunzi mtoro. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu wa chuma aliingia, akalala mlangoni, na wenyeji wakaambiwa wamruke kila siku, nao wamshukuru.

Basi wakalalamika, tena upesi. Mwaka ule ule wa 1981 zilikusanywa sahihi 1,300 za watu waliotaka ukuta uondolewe. Hakimu mkuu wa mahakama ile ya biashara, Edward D. Re, aliandika barua kwa wakubwa wa idara. Hayakufanyika mengi mpaka William Diamond alipokuwa mkuu wa idara ile katika sehemu za New York, akalichukua shauri kwa moyo wote. Mwezi wa Machi 1985, kwa siku tatu, lilikaa baraza la watu watano kusikiliza maneno ya kila aliyetaka kusema. Mwenyekiti alikuwa Diamond mwenyewe, ambaye alikwisha kujulikana kuwa ataka ukuta utoke. Hapo idara ilijivunjia heshima, kwa maana mtu hawezi kuwa mshitaki na kadhi kwa siku moja.

Walisimama watu 180. Wakasema 122 kwamba ukuta ubaki, na 58 kwamba utoke. Baraza likakata shauri, wanne kwa mmoja, kwamba utoke.

Watetezi wa fundi hawakuacha kuzitaja hesabu hizi, wakisema kwamba rai ya watu ilikanyagwa. Kwa mtazamo wa kwanza wanayo haki. Lakini tukitazama ni nani waliosema, twaona jambo jingine. Miongoni mwa waliotaka ukuta ubaki walikuwamo mafundi wenye sifa, kama Frank Stella na Claes Oldenburg, na wakuu wa makumbusho, na walimu wa vyuo, na waandishi wa mambo ya sanaa. Hao ni watu waliozoea kusimama mbele ya watu na kusema, na kazi yao ndiyo hiyo. Karani hakuzoea. Yeye alikuwa amekwisha kutia sahihi yake miaka minne nyuma, akadhani amesema. Je, sahihi 1,300 zina uzito gani mbele ya hotuba 122? Sisi hatujui mizani iwezayo kupima vitu hivyo viwili pamoja, na twashangaa wale wa pande zote mbili waliojidai wanayo. Wala haikupasa kuwa vita vya waliosoma na wasiosoma, kwa maana hakimu Re hakuwa mtu mjinga, na kati ya makarani wenyewe walikuwapo walioupenda ukuta.

Neno lililotugusa kuliko yote lilitoka kwa William Rubin, mkuu wa picha na sanamu katika nyumba ya makumbusho ya sanaa mpya ya New York. Alikumbusha kwamba kazi nyingi zilizodharauliwa mwanzoni ndizo zinazopendwa leo, akaomba shauri hili liahirishwe kwa miaka isiyopungua 10. Historia yamtetea. Mwaka 1887, mnara wa Eiffel ulipoanza kujengwa katika Paris, waandishi na mafundi wakubwa wa Ufaransa, akiwamo Guy de Maupassant, walitia sahihi katika barua ya kuukataa, iliyochapwa gazetini. Leo Mfaransa akiambiwa mnara huo utavunjwa atakamata fimbo. (Tuangalie, walakini, kwamba katika kisa hicho waliokosea ni wajuzi wenyewe, si wapita njia, jambo ambalo wajuzi wanapokitaja kisa hiki hawalikumbuki sana.)

Kwa upande wa pili palisemwa mengi ambayo ni afadhali yasingalisemwa. Walidai kwamba ukuta unaleta panya; kwamba watu wauchafua kwa maandishi; na mjuzi wa mambo ya ulinzi akaeleza kwamba bomu likilipuliwa karibu nao, ukuta ungeurudisha mshindo kwenye nyumba ya serikali. Hatusemi kwamba maneno haya yalikuwa ya uongo. Twasema yalikuwa ni vazi la kufunika neno moja la kweli ambalo watu waliliona haya, kwa kudhani kwamba ni dogo mno: kwamba walikuwa na uwanja, wakakaa hapo mchana na kula chakula chao, nao wamenyang'anywa. Karani mmoja akisema hivi waziwazi ana nguvu kuliko mafungu mia ya panya.

Serra naye alisimama juu ya neno lake. Alisema kazi ile ilitengenezwa kwa mahali pale na si pengine popote, na kwamba kuihamisha ni kuiharibu. Akaishitaki serikali akidai dola milioni 30. Mwaka 1987 akashindwa, na mwaka 1988 mahakama ya rufani ikathibitisha hukumu: serikali iliinunua kazi, basi ni mali yake, nayo yaweza kuiondoa katika uwanja wake. Mahakama haikuulizwa kama kazi ni nzuri, nayo haikujibu. Usiku wa tarehe 15 Machi 1989 wakaja mafundi wenye mitambo, wakaukata ukuta vipande vitatu, wakavipeleka ghalani huko Brooklyn. Baadaye, mwaka 1999, vikahamishiwa Maryland. Kwa mapenzi ya fundi havikusimamishwa tena popote. Mwaka uliofuata, 1990, Marekani ilitunga sheria ya kuwapa mafundi haki fulani juu ya kazi zao hata zikiisha kuuzwa. Na idara ya majengo nayo ikarekebisha desturi zake ili watu wa mahali washauriwe kabla. Mashauri haya mawili, moja la kumlinda fundi na moja la kumlinda mpita njia, yalizaliwa na ugomvi mmoja.

Yawezekana msomaji aseme sasa: basi kosa lote lilikuwa ni kutowauliza watu. Sisi pia tungependa kusema hivyo, kwa kuwa ni neno jepesi na la haki. Lakini kipo kisa cha Chicago kinachotuzuia.

Tarehe 15 Agosti 1967, miaka 14 kabla ya ukuta wa New York, Meya Richard J. Daley alivuta kamba mbele ya umati, na kitambaa kikaanguka kutoka kwa sanamu ya Picasso. Ina kimo cha futi 50 na uzito wa tani 162, nayo ni ya chuma namna ile ile kinachoshika kutu. Uwanja wenyewe nao ni wa mahakama na maofisi ya serikali. Watu wa Chicago hawakuulizwa, kama wa New York wasivyoulizwa. Wajenzi wa nyumba walimwendea Picasso Ufaransa, naye, ambaye hakupata kukanyaga Marekani maisha yake yote, akaukataa ujira wa dola 100,000 na kuutoa mfano wake uwe zawadi kwa mji. Sanamu haikuwa na jina. Wengine walisema ni ndege, wengine nyani, wengine mbwa, wengine uso wa mwanamke. Gazeti likaicheka. Diwani mmoja, John Hoellen, alitaka irudishwe Ufaransa, na mahali pake iwekwe sanamu ya Ernie Banks, mchezaji wa mpira aliyependwa sana mjini. Machukio yalikuwa ya kweli, tena makubwa.

Sanamu hiyo ipo hata leo. Watoto hupanda juu ya kitako chake kilichoinama, wakateleza chini kama vile waliwekewa kwa mchezo huo. Karibu yake watu hufanya soko. Na mwaka 1987 wala 1997 hakusikika tena wa kuirudisha Ufaransa. Mwaka 2017, ilipotimiza miaka 50, mji ukaifanyia sherehe ya kuifunua upya. Hakuna aliyekuja kuwaeleza watu kama ni ndege au ni mwanamke. Walikubali kuishi na kitu wasichokijua.

Kwa nini huku kukawa hivi na kule vile? Chuma ni kile kile, fundi wote wawili ni wakubwa, na watu wa miji yote miwili hawakuulizwa. Wako watakaosema kwamba Picasso alikuwa na sifa zaidi, au kwamba zawadi haichukizi kama kitu kilichonunuliwa kwa kodi. Kuna ukweli kidogo humo. Lakini twaona sababu iliyo kubwa ni kwamba sanamu ya Chicago, ingawa ni kubwa kuliko ukuta, haikumzuia mtu. Ilisimama kando ikamwacha apite, tena ikamwachia mteremko. Mpita njia aliichukia jumatatu, akaisahau jumanne, na baada ya mwaka mtoto wake akaipanda. Upendo uliingia kwa mlango wa nyuma. Ukuta wa New York haukuacha mlango wa nyuma. Ulidai kutazamwa leo, na kesho, na kila asubuhi, na mtu aliyedaiwa kila asubuhi hawezi kusahau kwamba anadaiwa. Miaka 10 ya Rubin ingaliweza kuwapa watu mazoea. Twaogopa kwamba isingaliweza kuwarudishia uwanja wao.

Wala tusidhani kwamba ukuta hauwezi kupendwa. Miaka ile ile, katika Washington, ulijengwa ukuta mwingine, wa ukumbusho wa askari waliokufa katika vita vya Vietnam. Mchoraji wake, Maya Lin, alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 wakati mchoro wake uliposhinda. Watu wengi walikasirika walipouona, na miongoni mwao askari waliorudi kutoka vitani: mawe meusi, yamezama ardhini, hakuna bendera wala shujaa! Ili kuwatuliza, mwaka 1984 ikaongezwa karibu yake sanamu ya askari watatu, kazi ya Frederick Hart. Lakini ukuta ulikuwa umekwisha kufunguliwa mwezi wa Novemba 1982, na watu waliofika hawakungoja miaka 10. Walitafuta majina, zaidi ya 57,000, wakayagusa kwa vidole, wakaweka maua na barua chini yake. Kila mmoja alikuja akiwa na haja, na mawe yakaikidhi haja yake. Karani wa New York naye alikuwa na haja, nayo ilikuwa kufika mlangoni.

Serra aliendelea kufanya kazi mpaka mwisho wa maisha yake mwaka 2024. Mwaka 2005 kazi zake nane zilikamilika kuwekwa pamoja katika nyumba ya makumbusho ya Guggenheim huko Bilbao, Hispania, chini ya jina la The Matter of Time, yaani Jambo la Wakati. Ni kuta za chuma kilichoshika kutu, zimepinda, zimeinama, nyingine zimejizungusha kama konokono. Na ni kubwa kuliko ule uliokatwa. Wageni hulipa kiingilio, huingia kati yake polepole, hupotea kidogo, hutoka upande wa pili wakicheka au wamenyamaza, kisha wengine hurudi mwanzo ili wapite tena. Kule Manhattan uwanja uliwekewa mabenchi, halafu katika miaka ya 1990 ukatengenezwa upya na Martha Schwartz kwa mabenchi ya kijani yaliyopindapinda, na hayo pia yakaondolewa baadaye ukatengenezwa mara nyingine. Mtu aweza sasa kuketi hapo mchana na kula chakula chake.